Limao, Ndimu na Kusafisha Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni matunda machache yanayosifiwa kwa uponyaji majumbani kwetu kama limao. Hutajwa kwa mafua, kwa kitambi, kwa presha, kwa figo, kwa uso wenye chunusi na kwa tumbo lililojaa gesi, na karibu kila mara sifa hizo huishia kwenye neno moja, kwamba linasafisha. Majibu yafuatayo yanaeleza kile ambacho limao hufanya kweli ndani ya mwili, kile ambacho huifanyia sufuria tu, na mahali ambapo huleta madhara. Hayachukui nafasi ya daktari aliyekupima.

Limao na ndimu ni tunda moja?

Ni ndugu wa karibu, lakini si tunda moja, ingawa sehemu nyingi za bara majina hayo huchanganywa. Mtu wa pwani akikutuma ndimu anataka tunda dogo la duara, lenye ganda jembamba la kijani, maji mengi na harufu kali. Limao ni kubwa zaidi, lina ganda nene la manjano na ncha iliyochomoza kama chuchu. Yote mawili yana asidi ya sitriki kwa wingi, kiasi cha gramu 45 hadi 50 katika lita moja ya maji yake. Kwa vitamini C limao hutangulia kidogo, kwa kuwa gramu 100 za maji yake zina takriban miligramu 39, na za ndimu takriban 30. Katika majibu haya neno limao linatumika kwa yote mawili, isipokuwa pale ambapo tofauti ina uzito.

Je, ni kweli kwamba maji ya limao husafisha mwili na kutoa sumu?

Tuanze na chimbuko la imani hii, kwa sababu haikuzuka bure. Mpishi aliyemaliza kupaa samaki hukata ndimu, akajisugua vidole, na shombo likaondoka papo hapo. Shombo hilo hutokana na kemikali zenye asili ya besi, yaani kinyume cha asidi, hasa trimethilamini, na asidi ya ndimu huzigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani, kwa hiyo pua haizipati tena. Birika lililoshika ukoko mweupe wa maji ya kisima nalo, likichemshiwa maji yenye limao, hutakata, kwa kuwa asidi huyeyusha ule ukoko wa kalsiamu. Anayeyaona haya kila siku jikoni kwake ana haki ya kudhani kwamba maji yale yale, yakishamezwa, yatakwangua mishipa ya damu, ini na mfuko wa uzazi.

Mwili, hata hivyo, haukuumbwa kama birika. Maji ya limao hufika kwanza tumboni, ambako tayari kuna asidi ya haidrokloriki iliyo kali kuliko yenyewe. Yakitoka hapo huingia kwenye utumbo mdogo, na huko kongosho humwaga baikaboneti inayouzima ule ukali wote. Hakuna tone linalofika kwenye mshipa wa damu likiwa bado na makali ya kukwangua chochote.

Kazi ya kutoa sumu hufanywa na ini na figo, mchana na usiku, iwe umekunywa limao au hukunywa. Ini hugeuza amonia itokanayo na protini kuwa urea, na huvunja pombe na dawa tulizomeza. Figo mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, zikarudisha karibu yote na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo, zikiwa zimebeba urea na taka nyingine. Viungo hivi havihitaji kuoshwa. Vinahitaji maji ya kutosha, vipumzishwe pombe na vidonge vya maumivu vinavyomezwa ovyo, na visiachwe vikiharibiwa na kisukari au presha isiyotibiwa. Ukimwuliza muuzaji wa chupa ya kutoa sumu jina la sumu yenyewe, na ni kipimo gani cha maabara kitakachoonyesha kwamba imetoka, mara nyingi utaona mazungumzo yamehamia kwenye bei.

Mbona basi nikinywa maji ya uvuguvugu yenye limao kila asubuhi najisikia mwepesi na napata choo vizuri?

Kwa sababu umekunywa maji. Mtu aliyelala kwa muda wa saa saba au nane bila kunywa kitu huamka akiwa na upungufu mdogo wa maji, na glasi moja au mbili humrudishia hali yake. Kitu chochote kinachoingia kwenye tumbo tupu, hasa kikiwa cha uvuguvugu, huamsha mwendo wa utumbo mpana, na ndiyo maana wengine hukimbilia chooni baada ya kikombe cha kwanza cha chai. Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: anayeanza kunywa maji ya limao huwa ameacha, kwa wiki hizo, ile chai ya vijiko vitatu vya sukari na soda ya mchana. Nafuu anayoisikia ni ya kweli, ila sifa zimekwenda kwa asiyestahili. Kama limao ndilo linalokufanya unywe maji zaidi, endelea nalo.

Nilishauriwa kunywa mafuta ya zeituni pamoja na maji ya limao usiku ili kutoa mawe ya nyongo, na kweli asubuhi nilitoa vijiwe vya kijani. Je, si ushahidi huo?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa kuwa mtu ameona kwa macho yake na hawezi kuambiwa kwamba ameota. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari wa New Zealand kuhusu mwanamke aliyefuata utaratibu kama huo: mchana wa kunywa juisi ya tufaha na mboga bila chakula, kisha mafuta ya zeituni na maji ya limao kwa wingi kwa saa chache. Asubuhi alitoa vijiwe vingi laini vya kijani, akavihifadhi na kuvipeleka hospitali. Vilipopashwa joto la nyuzi 40 viliyeyuka vikawa mafuta ya kijani. Vilipopimwa havikuwa na kolesteroli, wala bilirubini, wala kalsiamu, yaani hakukuwa na chochote kati ya vile vinavyojenga mawe ya nyongo. Vilikuwa asidi za mafuta zilizogandiana, aina ya sabuni iliyotengenezwa ndani ya utumbo kutokana na dawa yenyewe aliyoinywa. Mawe yake halisi yalikuwa bado mahali pake, na yaliondolewa kwa upasuaji.

Utaratibu huu una hatari nyingine. Mafuta mengi kwa mpigo huukaza mfuko wa nyongo, na mtu mwenye mawe ya kweli anaweza kusukuma moja likakwama kwenye mrija, akaishia na macho ya manjano au kongosho iliyovimba. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanayokuja baada ya mlo wa mafuta, yanahitaji kipimo cha ultrasaundi.

Vipi kuhusu kufunga kwa siku 10 nikinywa maji ya limao, kitu kitamu na pilipili pekee?

Utaratibu huo ulienezwa Marekani na Stanley Burroughs kuanzia miaka ya 1940, ukitumia limao, sharubati ya mti wa mepo na pilipili ya kuwasha; huku kwetu asali imechukua nafasi ya sharubati. Mtu hupungua uzito, hilo halina ubishi, kwa sababu amekaa bila chakula. Sehemu kubwa ya kilo zinazoondoka siku za mwanzo ni maji na akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, nazo hurudi mara anapokula. Protini hakuna, chumvi za mwili ni kidogo, na mwili huanza kula misuli yake. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, kwa mjamzito, kwa anayenyonyesha na kwa mgonjwa wa figo, hali hii inaweza kuwa ya hatari ndani ya siku moja.

Burroughs mwenyewe alifikishwa mahakamani California baada ya kifo cha mgonjwa wa saratani ya damu aliyekuwa akimtibu kwa maji hayo ya limao pamoja na kumkanda na kumwangazia taa za rangi. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitengua hatia ya mauaji, lakini ikaacha ile ya kutibu watu bila leseni. Waliohamishia utaratibu wake katika lugha yetu kwa kawaida huiacha sehemu hii.

Je, limao ndilo chanzo bora cha vitamini C?

Ni chanzo kizuri chenye jina kubwa kuliko kiasi chake. Limao moja la kawaida hutoa maji ya vijiko vikubwa viwili au vitatu, ambayo ni miligramu 12 hadi 18 hivi za vitamini C. Mtu mzima anashauriwa kupata, kwa vipimo vya Marekani, miligramu 75 kwa siku akiwa mwanamke na 90 akiwa mwanamume. Pera moja dogo huvuka miligramu 100. Kwa maneno mengine, mtoto aliyepanda mpera wa jirani na kula mapera mawili ameshamzidi mbali mtu mzima aliyekunja uso kwa glasi ya limao. Papai, chungwa na embe navyo vimo, na mtu havili kwa kujilazimisha.

Jina la limao lilitokana na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C unaofanya fizi zivuje damu, majeraha ya zamani yafunguke na mtu afe taratibu, ambao uliwamaliza mabaharia wa safari ndefu. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita na kuipa kila jozi tiba tofauti. Wale wawili waliopewa machungwa mawili na limao moja kila siku walipata nafuu ndani ya siku sita. Jeshi la majini la Uingereza lilichelewa hadi mwaka 1795 kuagiza maji ya limao kwa meli zake. Miaka ya 1860 likahama kutoka malimao ya Mediterania hadi ndimu za visiwa vya Karibi, ambazo zilikuwa na vitamini kidogo zaidi na maji yake yakakaa muda mrefu ghalani, na kiseyeye kikarudi katika msafara wa Aktiki wa mwaka 1875. Hapo ndipo tofauti ya limao na ndimu ilipogharimu maisha ya watu.

Nina upungufu wa damu. Je, limao huongeza damu?

Limao peke yake halina madini ya chuma ya kutosha, lakini hapa ndipo linapotenda kazi yake bora kuliko zote, na ndipo lisiposifiwa. Chuma kilichomo kwenye maharage, choroko, dengu na mboga za majani hufyonzwa kwa shida. Sehemu kubwa hupita na kutoka. Vitamini C ikiwa katika mlo huo huo hukibadilisha chuma hicho kuwa katika hali ambayo utumbo unaweza kuikamata. Nyumba inayokula ugali, mchicha na maharage siku nyingi za wiki, nyama ikionekana kwa nadra, itafaidika zaidi na ndimu iliyokamuliwa juu ya sahani kuliko ile iliyonywewa alfajiri kwenye tumbo lisilo na kitu.

Ikamulie chakula kikiwa kimeshaepuliwa, kwa kuwa moto wa muda mrefu huharibu vitamini C. Kachumbari yenye nyanya, pilipili hoho na ndimu, iliyowekwa pembeni ya wali na maharage, hufanya kazi ile ile. Chai ya rangi, kinyume chake, ina tanini zinazokishika chuma kikapita bila kufyonzwa, kwa hiyo ni vyema kikombe kisubiri saa moja hivi baada ya mlo. Aliyepimwa akakutwa na upungufu mkubwa, na hasa mjamzito, aendelee na vidonge alivyopewa kliniki. Ndimu ni msaidizi wa vidonge hivyo.

Je, limao huyeyusha mawe kwenye figo?

Kuna ukweli katika swali hili. Sitrati, ambayo limao lina nyingi, ikifika kwenye mkojo huishika kalsiamu na kuizuia isiungane na oksalati, kemikali nyingine iliyomo kwenye mkojo, kuwa fuwele. Wagonjwa ambao mkojo wao una sitrati kidogo hupewa na madaktari dawa ya potasiamu sitrati kwa sababu hiyo hiyo, na wengine hushauriwa maji ya limao kama nyongeza. Kinachosaidia ni kuzuia jiwe jipya. Jiwe la kalsiamu ambalo tayari limeshajengeka, na mawe mengi ni ya aina hiyo, haliyeyushwi na limao.

Maji yenyewe ni muhimu zaidi. Anayeshinda juani, awe mwendesha bodaboda, mkulima au fundi ujenzi, hutoka jasho jingi na mkojo wake huwa wa manjano iliyokolea. Mtu aliyewahi kupata mawe anatakiwa anywe kiasi cha kumfanya akojoe takriban lita mbili na nusu kwa siku. Ikiwa kipande cha limao kinamrahisishia kuzifikia, ni jambo jema. Mwenye ugonjwa sugu wa figo asijipangie kiasi cha kunywa bila kumwuliza daktari wake.

Je, limao hukata mafuta na kuondoa kitambi?

Hapana. Tunaona ndimu ikikata utelezi wa mafuta kwenye sahani, na neno hilo la kukata tukalihamishia tumboni, lakini mafuta ya kitambi yamehifadhiwa ndani ya seli na hayakutani na maji ya limao hata siku moja. Ukinywa maji ya limao yasiyo na sukari mahali pa soda au juisi ya duka, utapungua kwa sababu ya sukari uliyoiacha.

Nimesikia limao hugeuka kuwa alkali na kuondoa asidi kwenye damu.

Sitrati ikishatumika mwilini huacha baikaboneti, na mkojo unaweza kupungua asidi kidogo. Hapo ndipo maneno haya yalipozaliwa. Damu yenyewe hulindwa na mapafu na figo ibaki kati ya pH 7.35 na 7.45 (pH ni kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), na ikitoka nje ya hapo mtu yuko katika chumba cha wagonjwa mahututi, akihitaji mambo mengine kabisa.

Nina vidonda vya tumbo. Je, ninywe limao ninavyoambiwa na majirani, au niliache?

Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Limao haliwezi kumwua bakteria huyo, kwani anaishi kwa raha katika tumbo lenye asidi inayolishinda limao. Anauawa kwa antibayotiki zikichanganywa na dawa ya kupunguza asidi, baada ya kipimo. Limao pia halisababishi kidonda, ila juu ya kidonda kilichokwisha kuwapo huwasha, na kwa mwenye kiungulia hukichochea. Likikuuma, acha, usiambiwe kwamba ule mchomo ni dalili ya dawa kufanya kazi.

Je, limao linaharibu meno?

Ndiyo, na madhara yake hayarudi nyuma. Enameli, gamba gumu la nje la jino, huanza kulainika kinywa kinapofika pH 5.5 hivi, wakati maji ya limao matupu yako kati ya 2 na 3. Anayemung'unya vipande vya limao, au anayekunywa maji yake kidogo kidogo asubuhi nzima, huyaacha meno katika asidi kwa saa nyingi, na baada ya miaka meno huwa ya manjano, membamba na yenye ganzi kila yanapokutana na kitu cha baridi. Zimua kwa maji mengi, maliza glasi kwa mara moja, kisha sukutua kwa maji matupu. Kosa linalofanywa na watu wasafi kuliko wote ni kupiga mswaki papo hapo, kwani mswaki hukwangua enameli iliyokwisha kulainika. Subiri angalau nusu saa. Kusugua meno kwa limao na magadi ili yawe meupe ni kuyachuna.

Na ngozi? Napaka limao usoni kwa ajili ya madoa na kwapani kwa ajili ya harufu.

Nitajibu kwa kisa changu. Mwaka mmoja tulikaa uani mchana wa jua kali tukikata na kukamua ndimu za achari, karibu ndoo nzima, maji yakitiririka hadi kwenye viwiko. Nilinawa kwa maji kidogo nikaendelea na shughuli. Siku ya pili mikono iliwaka kama niliyeungua kwa uji, yakatoka malengelenge kwa kufuata michirizi ya yale maji, na yalipokauka yaliacha mabaka meusi yaliyokaa zaidi ya mwezi. Wengine walisema nimerogwa kwa ajili ya achari. Maelezo halisi ni kwamba ganda na maji ya ndimu vina kemikali ziitwazo furokumarini, ambazo zikiwa juu ya ngozi na kupigwa na jua huichoma. Ndimu inazo nyingi kuliko limao.

Sasa mfikirie mtu anayepaka kitu hicho usoni na kutoka kwenda sokoni saa nne asubuhi. Anatafuta weupe na anaweza kupata weusi wa mabaka. Kwapani, asidi hupunguza kwa muda bakteria wanaoleta harufu, lakini kwapa lililonyolewa lina michubuko midogo na linaungua kwa urahisi. Sabuni na maji vinatosha. Ukimaliza kukamua ndimu, nawa kwa sabuni kabla hujatoka juani.

Je, wanawake wanaweza kutumia maji ya limao au ndimu kusafisha uke?

Wasitumie kabisa. Uke hujisafisha wenyewe, na bakteria wema walioko humo hutunza asidi inayozuia maradhi. Maji ya limao huwaua bakteria hao na kuchubua utando laini. Palikuwa na wakati watafiti waliuliza kama yanaweza kuua virusi vya UKIMWI. Ilionekana maabara kwamba ukali unaotosha kuua virusi hujeruhi pia utando, na utando uliojeruhiwa huvifungulia virusi mlango. Hayazuii mimba wala hayasafishi mfuko wa uzazi. Uchafu wenye harufu mbaya, muwasho au maumivu ya kinena ni mambo ya kliniki, na kwa kawaida hutibika kwa dawa za siku chache.

Je, limao huzuia kipindupindu na kutibu kuhara?

Bakteria wa kipindupindu hawapendi asidi. Uchunguzi uliofanywa Guinea-Bissau katika miaka ya 1990, wakati wa milipuko ya ugonjwa huo, ulionyesha kwamba watu waliokula wali kwa mchuzi uliotiwa ndimu waliugua kidogo kuliko wengine, na maabara ikathibitisha kwamba bakteria hawastawi katika mchuzi wa namna hiyo. Desturi yetu ya kukamulia ndimu kwenye samaki na kachumbari ina hekima ndani yake. Lakini haiyafanyi maji ya kisima yawe salama. Yachemshwe au yatiwe klorini.

Kuhara kukishaanza, mgonjwa anakufa kwa kukosa maji na chumvi, na limao halina cha kufanya. Mpe maji ya ORS, yaani ya pakiti ya chumvi na sukari, na mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa kadiri ya maelekezo. Pakiti zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kisha mkimbize kituo cha afya.

Je, limao huponya mafua na kikohozi?

Mwaka 2020, korona ilipoingia, watu wengi walikimbilia malimao na tangawizi, na kujifukiza kukawa gumzo la kila nyumba. Maji moto yenye limao na asali hutuliza koo lililokauka, na hiyo ni nafuu ya kweli, lakini virusi haviondoki kwa hayo. Vitamini C ikitumiwa kila siku kwa vidonge hufupisha mafua kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima, ambayo ni nusu siku hivi. Ikianzwa baada ya pua kuziba haionyeshi faida ya maana. Kujifukiza huunguza watu kila mwaka, hasa watoto waliofunikwa shuka juu ya sufuria inayochemka.

Natumia dawa za presha. Je, naweza kunywa limao?

Kwa kiasi cha chakula, ndiyo, ilimradi dawa haziachwi. Tunda la kuogopwa katika ukoo huu ni balungi la aina ya grepufruti, ambalo huzuia kimeng'enya cha utumboni kinachovunja dawa, hivyo baadhi ya dawa za presha kama nifedipini na felodipini, na za kolesteroli kama simvastatini, hujaa kwenye damu kupita kipimo. Limao halina nguvu hiyo kwa kiasi cha kawaida. Jihadhari zaidi na desturi ya kula ndimu kwa chumvi na achari zilizokolea chumvi, kwani hizo ndizo zinazopandisha presha.

Wajawazito na watoto wachanga je?

Mjamzito anayesumbuliwa na kichefuchefu anaweza kunusa limao lililokatwa au kutia tone kwenye maji, na wengi hupata ahueni; miezi ya mwisho, kiungulia kikizidi, apunguze. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi chochote zaidi ya maziwa ya mama, si maji, si limao la kusafisha tumbo. Asali isimguse mtoto hadi atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli.

Ujumbe unaosema limao hushinda dawa za saratani mara 10,000 ni wa kweli?

Ni uongo, na umekuwa ukizungushwa kwenye simu kwa miaka mingi. Aliyeona uvimbe titini aende akapimwe wiki hii.

Ninywe kiasi gani, na maji ya limao yaandaliweje na kuhifadhiwaje?

Nusu limao au ndimu moja katika glasi kubwa ya maji, mara moja au mbili kwa siku, inamtosha mtu mzima mwenye afya, na haina tofauti ukinywa asubuhi au jioni. Maji ya uvuguvugu hayaharibu vitamini kwa muda mfupi. Kuchemsha malimao kwa nusu saa pamoja na maganda huiharibu kwa sehemu kubwa, ingawa harufu hubaki nzuri. Osha ganda kwanza, kwa sababu kisu hubeba uchafu na dawa za shambani hadi ndani. Ndimu iliyokauka kidogo ibingirishe juu ya meza ukiikandamiza kwa kiganja, au iloweke katika maji moto kwa dakika chache, nayo itatoa maji. Ukikamua nyingi, zigandishe kwenye vibakuli vya barafu vya friji. Usitumie chombo cha alumini au shaba kuhifadhia, kwa kuwa asidi hula metali na kuichanganya kwenye kinywaji. Chupa ya kioo au ya plastiki ya chakula inafaa.